Jedwali Moja, Programu Tatu: Namna ya Kufundisha Uchoraji wa Takwimu kwa Zana Huria

Mtu anayetafuta zana huria za kuchora takwimu hukutana kwanza na orodha ndefu za majina, na orodha hizo, hata zinapokuwa sahihi, hazimwambii mwalimu aanze na nini kipindi kinapoingia. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unachukua jedwali dogo lenye mistari sita tu, unalipitisha katika LibreOffice Calc, ambayo ni programu ya majedwali, na katika R, ambayo ni lugha ya kompyuta ya takwimu, kisha unaongeza jedwali la mikoa kwa ajili ya QGIS, programu ya ramani, na kila hatua unaonyesha ni uamuzi gani ambao programu hufanya kwa niaba ya mchoraji bila kumwuliza. Umekusudiwa mwalimu wa sekondari au wa chuo, ofisa mipango wa halmashauri anayeandaa taarifa, na mwandishi wa habari ambaye hupokea majedwali kila wiki asijue ayafanye nini.

Programu zote tatu ni za chanzo huria: leseni zake zinamruhusu yeyote kuzitumia, kuzinakili, kuchungulia msimbo wake na kuubadilisha. Kwa darasa faida kubwa ni ile ya kunakili. Mwalimu mwenye kompyuta ishirini anaweza kubeba visakinishi katika flashi moja na kuvisambaza kihalali, na mwanafunzi anaweza kuondoka navyo nyumbani bila kuogopa kwamba muda wa majaribio utakwisha katikati ya muhula.

Jedwali la kuanzia

Tanzania imefanya sensa sita za watu na makazi tangu Muungano. Idadi ya watu iliyopatikana, ikikadiriwa kwa mamilioni, ni hii, na imeandikwa hapa jinsi itakavyohifadhiwa katika faili la maandishi litakaloitwa sensa.csv:

mwaka,milioni
1967,12.3
1978,17.5
1988,23.1
2002,34.4
2012,44.9
2022,61.7

Kabla ya kufungua programu yoyote, waambie wanafunzi walisome jedwali kwa macho na waseme wanachokiona. Wengi watasema kwamba idadi inaongezeka, jambo ambalo ni kweli lakini halitoshi. Wachache watagundua kwamba miaka haikupangana kwa vipindi sawa: kutoka sensa ya kwanza hadi ya pili ni miaka 11, kisha 10, kisha 14, kisha 10 mara mbili. Asipopatikana wa kuligundua hilo, usimwambie mtu; acha mchoro ulifichue. (Mwalimu wa Kenya atalazimika kuazima jedwali la jirani kwa somo hili, kwa kuwa sensa za huko kuanzia 1969 hadi 2019 zimefuatana kila baada ya miaka 10 kamili, na kosa tunalolisubiri haliwezi kujitokeza.)

Jambo la pili la kuzingatia ni uandishi wa namba zenyewe. Katika faili la csv alama ya mkato ndiyo inayotenganisha safu, kwa hiyo namba iliyoandikwa 61,741,120 kama ilivyo katika vitabu vya sensa itapasuliwa kuwa safu tatu. Ondoa mikato yote, au tumia mamilioni kama tulivyofanya. Kagua pia kwamba kompyuta inatumia nukta kwa desimali, maana kompyuta iliyowekewa mipangilio ya baadhi ya nchi za Ulaya huenda ikaiona 12.3 kuwa tarehe au maneno matupu. Dalili katika Calc ni rahisi: namba halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na kilichosomwa kama maneno hukaa kushoto.

Mchoro wa kwanza katika Calc

Fungua faili, chagua safu zote mbili pamoja na vichwa vyake, nenda kwenye menyu ya Insert kisha Chart. Dirisha la kutengenezea mchoro litafunguka na kukuuliza aina. Waache wanafunzi wachague Line, kwa sababu ndiyo wanayoidhania kuwa grafu ya mistari waliyoizoea katika hisabati, na katika ukurasa unaohusu eneo la data waweke alama kwenye First column as label ili miaka ikae chini. Bonyeza Finish.

Mchoro utakaotokea ni msafi, unavutia, na unadanganya. Calc, katika aina ya Line, huichukua miaka kuwa majina tu, kama vile ingekuwa majina ya mikoa au ya matunda, na huyapanga majina hayo kwa nafasi zilizo sawa. Pengo la miaka 14 kati ya 1988 na 2002 linapewa upana uleule wa pengo la miaka 10. Ongezeko la milioni 11.3 lililopatikana katika miaka hiyo 14 linaonekana kuwa na mwinuko mkali kuliko ongezeko la milioni 10.5 la miaka 10 iliyofuata, na mtazamaji anaondoka akiamini kwamba baada ya 2002 kasi ya kuongezeka kwa watu nchini ilipungua kwa muda, kisha ikaruka ghafla.

Sasa piga hesabu ubaoni. Milioni 11.3 kwa miaka 14 ni kama watu 810,000 kwa mwaka, milioni 10.5 kwa miaka 10 ni 1,050,000 kwa mwaka. Idadi ya watu wanaoongezeka kila mwaka haikupungua bali ilipanda. Rudi kwenye mchoro, ubofye mara mbili, fungua Chart Type kwa kubofya kulia, na ubadilishe Line kuwa XY, ukichagua muundo wenye nukta na mistari. Mara moja mhimili mlalo unageuka kuwa mstari wa namba, mwaka 2002 unasogea kulia mahali pake, na lile bonde la uongo linatoweka.

Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipolitumia jedwali hili mbele ya darasa, ni mimi niliyechagua Line, nikaueleza ule mwinuko kwa ufasaha mkubwa, na nikaanza hata kutafuta sababu zake za kiuchumi. Aliyeniokoa ni mwanafunzi aliyeuliza kwa nini hapakuwa na sensa mwaka 1998. Tangu siku hiyo sifundishi tena aina za grafu kwa kuzitaja moja baada ya nyingine. Naanza na swali kama kilichoko chini ya mchoro ni namba au ni majina, kwa sababu jibu la swali hilo linatangulia uchaguzi wa kitufe chochote. Grafu ya nguzo hufaa majina. Mstari unaounganisha nukta hudai kwamba kati ya nukta hizo kuna mwendo, na mwendo unahitaji muda uliopimwa.

Kuhusu chati duara nitasema kidogo tu. Calc inaichora kwa urahisi, na kwa jedwali letu haina maana yoyote, kwani sensa sita si vipande vya kitu kimoja. Mwambie mwanafunzi aichore, aone upuuzi wake, muendelee.

Jedwali lilelile katika R

R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2000. Tofauti yake na Calc ni kwamba hapa mchoro huandikwa kwa maneno, na maneno yakiandikwa yanaweza kusomwa, kukosolewa na kurudiwa na mtu mwingine. Kwa mwalimu hilo ni jambo kubwa: kosa la mwanafunzi linabaki kwenye karatasi, halipotelei katika mfuatano wa mibofyo ambayo hakuna anayeikumbuka.

Ikiwa maabara haina intaneti, usisubiri. R huja na uwezo wake wa kuchora bila kifurushi (nyongeza ya amri) cha ziada, na mistari miwili inatosha:

sensa <- read.csv("sensa.csv")
plot(sensa$mwaka, sensa$milioni, type = "b")

Pakiwa na intaneti, au kama umevibeba vifurushi kwenye flashi, sakinisha ggplot2, kifurushi cha Hadley Wickham kilichojengwa juu ya wazo la Leland Wilkinson kwamba mchoro una sarufi yake: data, mihimili inayowakilisha safu za data, na maumbo yanayowekwa juu yake. Anayepanga kubeba vifurushi akumbuke kwamba ggplot2 hutegemea vifurushi vingine vingi, hivyo ni salama zaidi kuvisakinisha vyote katika kompyuta moja yenye mfumo na toleo la R lilelile la maabara, kisha kunakili folda nzima ya vifurushi.

library(ggplot2)
ggplot(sensa, aes(x = mwaka, y = milioni)) + geom_line() + geom_point()

R imesoma kwamba mwaka ni namba, ikauchora kama namba, na mchoro ni sahihi bila juhudi yoyote. Lakini somo haliishii hapo. Waagize wanafunzi wabadilishe mwaka kuwa factor(mwaka), yaani wailazimishe R iuone mwaka kama jina. Nukta zitabaki, mstari utapotea, na R itatoa ujumbe wa kueleza kwamba kila kundi lina nukta moja tu, kwa hiyo hakuna cha kuunganisha. Mahali ambapo Calc ilinyamaza, R imelalamika. Wakiongeza group = 1 ndani ya aes ili kuinyamazisha, mstari utarudi na utakuwa ule ule wenye bonde la uongo tuliouona katika Calc. Ningeshauri dakika kumi kamili zitumike hapa, kwa sababu mwanafunzi anajionea kwamba kosa halikuwa la Calc wala sifa si ya R. Ni uamuzi kuhusu namba na majina ambao safari hii ameufanya kwa mkono wake.

Baada ya hapo rudisha mwaka uwe namba na uongeze mwishoni:

+ scale_y_log10()

Mhimili wima sasa unapima kwa logi, ambapo umbali ulio sawa una maana ya kuzidisha kwa kiasi kilicho sawa, si kujumlisha. Katika mchoro huu mstari unakaribia kunyooka, na ukiangalia kwa makini utaona kwamba kipande cha 2002 hadi 2012 kimelala kidogo kuliko cha 1988 hadi 2002, na kile cha mwisho kimeinuka kuliko vyote viwili. Hesabu inakubali: ukuaji ulikuwa kama asilimia 2.8 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 14, asilimia 2.7 katika miaka 10 iliyofuata, na asilimia 3.2 kati ya 2012 na 2022. Kwa hiyo idadi ya watu walioongezeka kila mwaka ilipanda baada ya 2002 ilhali asilimia ilishuka kidogo, na kauli zote mbili ni za kweli. Anayeandika taarifa hana budi kuamua anajibu swali lipi. Ofisa anayepanga madarasa na vitanda vya zahanati anahitaji idadi, kwa hiyo mhimili wa kawaida unamfaa. Anayelinganisha kasi ya vizazi tofauti atahitaji logi, na ataiandika waziwazi kwenye mhimili, kwa sababu wasomaji wengi wa magazeti hawaitarajii.

Anayependelea lugha ya Python atafanya hayo yote kwa Matplotlib, iliyoanzishwa na John Hunter alipokuwa akichunguza mawimbi ya umeme ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Ni zana imara, na palipo na walimu wa Python hakuna sababu ya kuhama. Kwa wanaoanza kabisa, naona sarufi ya ggplot2 inafundishika kwa haraka zaidi, ingawa wenzangu wa Python hawatakubali. Palipo na kompyuta zisizoruhusu kusakinisha chochote, RAWGraphs iliyotengenezwa na watafiti wa Politecnico di Milano hufanya kazi ndani ya kivinjari, na data hubaki katika kompyuta ya mtumiaji bila kupelekwa kwenye seva.

Ramani na mtego wa ukubwa wa mkoa

QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, ndiyo zana huria ya ramani inayotumika zaidi. Inahitaji vitu viwili: faili la mipaka ya mikoa na jedwali la idadi ya watu kwa mkoa. Soma leseni ya mipaka kabla ya kuipakua. Mipaka ya GADM, kwa mfano, inaruhusiwa kwa matumizi ya kitaaluma yasiyo ya biashara, ilhali ile ya geoBoundaries inaruhusu matumizi mapana zaidi mradi chanzo kitajwe.

Kuunganisha jedwali na mipaka hufanywa katika Properties ya tabaka, yaani faili la mipaka lililofunguliwa ndani ya QGIS, sehemu ya Joins, kwa kutumia safu ya jina la mkoa. Hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Kompyuta haijui kwamba Dar-es-salaam na Dar es Salaam ni mji mmoja. Mkoa ambao jina lake halikulingana herufi kwa herufi hubaki mtupu bila onyo lolote. Tatizo jingine ni mipaka iliyopitwa na wakati. Sensa ya 2012 ilikuwa na mikoa 30 na ya 2022 ilikuwa na 31, kwa sababu Songwe ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na faili la zamani litakuwa na Mbeya kubwa isiyolingana na namba zako. Fungua jedwali la tabaka baada ya kuunganisha, hesabu mistari, tafuta visanduku vitupu, ndipo uendelee.

Kisha fungua Symbology, chagua Graduated, na uwaache wanafunzi wapake rangi kwa idadi ya watu. Tabora, wenye watu wapatao milioni 3.4 mwaka 2022, utatandaza rangi nzito katikati ya nchi, wakati Dar es Salaam, wenye watu wapatao milioni 5.4, utakuwa kidoa pwani ambacho mtazamaji wa nyuma ya darasa hakioni. Sasa wagawanye idadi kwa eneo. Dar es Salaam una kilomita za mraba kama 1,393, hivyo karibu watu 3,900 kwa kilomita moja ya mraba. Tabora una zaidi ya kilomita za mraba 76,000, hivyo kama watu 45. Ramani inageuka kabisa. Rangi juu ya ramani ipakwe kwa kiwango, yaani kwa kila kilomita ya mraba au kwa kila watu elfu. Jumla zionyeshwe kwa duara linalokua kulingana na idadi. Kwa mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera tumia eneo la nchi kavu kutoka kwenye majedwali ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu badala ya kuiachia QGIS ipime, la sivyo utagawanya watu kwa maji ya Ziwa Victoria.

Tofauti ya msongamano wa Dar es Salaam na mikoa mingine ni kubwa kiasi kwamba ukigawa madaraja kwa upana ulio sawa, Dar es Salaam utabaki peke yake juu na takriban nchi nzima itapakwa rangi moja hafifu. Chagua mgawanyo wa Quantile, ambao hulipa kila daraja idadi sawa ya mikoa, au andika mipaka ya madaraja wewe mwenyewe. Kuhusu rangi, tumia mfululizo wa viridis, uliobuniwa kwa ajili ya Matplotlib na sasa umo katika R na QGIS pia. Unatoka giza kwenda mwanga kwa hatua zinazolingana, unasomeka na wenye upofu wa rangi, na ukipigwa chapa kwa wino mweusi tu tofauti zake hazipotei, jambo la maana sana pale ambapo taarifa zitatolewa fotokopi.

Nyenzo za kufundishia

Masomo ya The Carpentries, mradi wa kufundisha kompyuta na data, yametolewa kwa leseni inayoruhusu kuyanakili, kuyabadilisha na kuyatafsiri mradi watunzi watajwe, na yameandikwa kwa ajili ya watu wasiowahi kuandika amri ya kompyuta. Ndani ya R yenyewe kuna jedwali liitwalo anscombe, lililochapishwa na Francis Anscombe mwaka 1973: mafungu manne ya jozi 11 za namba, yote yakiwa na wastani wa 9 kwa mhimili mlalo, wastani wa karibu 7.5 kwa mhimili wima, na mgawo wa uhusiano kati ya mihimili hiyo miwili wa takriban 0.82, lakini yakichorwa, moja ni mtawanyiko wa kawaida, la pili ni tao, la tatu ni mstari wenye nukta moja iliyopotoka, na la nne ni nukta zilizosimama wima na moja iliyokaa mbali peke yake. Kwa kuwa halihitaji kupakuliwa, linafaa siku mtandao unapokatika.

Kifurushi cha gapminder kina nchi 142 kuanzia 1952 hadi 2007, kila baada ya miaka mitano, na ndani yake zimo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuchuja nchi za jirani na kufuatilia umri wa kuishi. Akifika Rwanda mwaka 1992 ataona mstari ukizama, na hapo mwalimu awe tayari kwa mazungumzo mazito. Penguini 344 wa palmerpenguins, kifurushi kingine cha R, wanapendwa sana na waandishi wa masomo ya Kiingereza. Ni data nzuri, ila nimeona darasa likitumia robo saa kujadili penguini ni ndege wa aina gani.

Istilahi pia ni nyenzo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, na mengi ya maneno tunayotumia darasani, kama faili na kivinjari, si mageni tena kwa mtu. Andika vichwa vya mihimili kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza: amri ya labs katika ggplot2 haijali lugha.

Kuhifadhi na kukabidhi

Hifadhi mchoro kwa muundo wa SVG ikiwa utachapishwa, na PNG ikiwa utatumwa kwa simu, ukikumbuka kwamba WhatsApp hubana picha na maandishi madogo huwa ukungu. Itume kama hati. Chini ya mchoro andika chanzo cha data na mwaka wake. Katika folda moja weka sensa.csv, faili la amri na picha yenyewe, kisha mpe mwanafunzi mwingine folda hiyo katika kompyuta nyingine na umtake aurudie mchoro bila msaada. Akishindwa, fungua kwanza mstari wa read.csv: mara nyingi utakuta mwenye kazi ameandika njia ndefu inayopitia Desktop ya kompyuta yake, na kinachohitajika ni kubakiza jina la faili peke yake.